Kuvaa kimono si kutoa ruhusa ya picha

Düsseldorf, Ujerumani, huwa na sikukuu ya Kijapani, Japan-Tag, kandokando ya mto Rhein. Umati hufurika, fataki hupigwa usiku, na wenye kamera wengi huamini kwamba aliyevaa kimono, vazi la jadi la Kijapani, hadharani amejitoa apigwe picha. Sivyo.

Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1907 inakataza kusambaza sura ya mtu bila ridhaa yake. Chimbuko lake ni kisa cha aibu: mwaka 1898 wapiga picha wawili walijipenyeza nyumbani kwa Bismarck, kansela wa zamani wa Ujerumani, wakapiga picha maiti yake. Umati wa sherehe unaruhusiwa. Lakini ukivuta lenzi mpaka abaki dada mmoja anayerekebisha obi, ule mshipi mpana wa kiunoni, hiyo si picha ya umati tena. Pata kauli yake kabla ya kuirusha mtandaoni.

Waliojivika kama wahusika wa katuni za Kijapani mara nyingi hujipanga wenyewe wakiona kamera. Hata hao huombwa. Mtoto je? Muulize mzazi.

Na Kijerumani si lazima: onyesha kamera, inua nyusi, subiri. Akitikisa kichwa, ishushe.