Jirani ni umma, lakini ukuta wake haukulipwa

Mteja wangu mmoja wa bima, anayejenga ghorofa za kuuza huko Kilimani, Nairobi, alinipigia simu alfajiri. Ukuta wa jirani ulikuwa umepasuka kuanzia msingi hadi dirishani, na jirani ameshatafuta wakili. "Si nina bima ya dhima kwa umma, ile ya kulipa watu wa nje ninaowadhuru? Kwani jirani si umma?" mteja akaniuliza.

Ni umma, kabisa. Kilichotuangusha ni shimo.

Alikuwa anachimba maegesho ya ngazi mbili chini ya ardhi, mashine zikivunja mwamba wiki nzima nzima. Bima nyingi za dhima, hata ile sehemu ya watu wa nje iliyomo katika bima ya mkandarasi, hazilipi hasara itokanayo na mtetemo wala kudhoofika kwa udongo unaoshikilia jengo la mwingine. Unaweza kununua nyongeza inayofunika jambo hilo. Ila kampuni itataka nyumba ya jirani iwe imekaguliwa na kupigwa picha kabla ya kazi kuanza, na hata hapo mara nyingi hulipa tu jengo likianguka, lote au sehemu. Nyufa zisizotikisa uimara wake ni shauri lako. Mteja wangu hakuwa na picha hata moja. Nami sikuwa nimemwuliza. Maswali yangu yote yalikuwa juu ya winchi ya kunyanyulia vifaa.

Bima hii imekusudiwa mama mboga aliyeangukiwa na tofali nje ya geti, au gari la mpita njia lililochunwa na mabati: mtu wa nje, ajali, na sheria ikikuona una makosa. Fundi wako akianguka, hayo ni ya bima ya WIBA, yaani fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, chini ya sheria ya mwaka 2007; akifariki, fidia ni mapato yake ya miezi 96. Mjengo wenyewe una bima yake, lori la mchanga likiwa barabarani lina yake, na hesabu mbovu za mhandisi ni za bima yake ya taaluma. Mnunuzi anayedai kwa sababu umemkabidhi nyumba miezi minane baada ya tarehe ya mkataba? Huyo hana pa kupelekwa ila mfukoni mwako.

Halafu kuna kiwango. Tuseme hati inasema shilingi milioni 20 kwa tukio moja na milioni 20 kwa mwaka. Jukwaa likiwaangukia wapita njia sita, hilo ni tukio moja, na familia zote sita zitagawana hizo 20. Ajali nyingine ikitokea mwaka huohuo itakuta mkebe mtupu. Angalia pia kama ada za mawakili zinakatwa humohumo. Watu hulisahau hili kila mara.

Watu huniuliza pia kuhusu jengo la ghorofa sita la mtaa wa Huruma, Nairobi, lililoporomoka tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40. Wapangaji ni watu wa nje mbele ya mwenye nyumba, ndiyo. Lakini lile lilijengwa bila idhini na lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa. Hati za bima humtaka mwenye jengo afuate sheria na achukue tahadhari, na hapo ndipo kampuni ingeanza kusoma, ikitafuta sababu ya kutolipa.

Jirani wa Kilimani alilipwa kwa hundi ya mteja mwenyewe. Mradi wake wa pili uko Kileleshwa. Wiki jana tulizunguka nyumba nne za majirani na mhandisi, tukipiga picha kila ufa.