Semina ya maktaba tuifanyie maktabani

Napigiwa sana simu na walimu wa huku kwetu Mtwara na Lindi na swali ni lilelile, wewe ni mkutubi, hebu niambie nisome kozi gani niijue hii kazi ya maktaba ya shule maana mimi nimepewa ufunguo tu. Na kweli ndo inavyokuwa. Mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza anaripoti shule mpya, vipindi vyake vinamtosha kabisa, afu mkuu wa shule anamwambia mwalimu kuanzia leo na maktaba itakuwa chini yako. Makabidhiano hakuna. Kuna chumba chenye vumbi, kuna maboksi ya vitabu vya kiada, kuna na vile vya msaada vilivyokuja na kontena ambavyo vingine ukivifungua unajiuliza aliyevituma aliwaza mtoto wa Nanyamba atavifanyia nini.

Sasa jibu la kozi lipo na ni fupi. Anayetaka kuwa mkutubi wa kusomea kabisa, chuo kipo Bagamoyo, kinaitwa SLADS, kiko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania na kilianza 1989, wanatoa cheti na stashahada. Ukipata nafasi nenda. Ila mwalimu wa Tandahimba mwenye madarasa ya mtihani na watoto nyumbani haendi kukaa Bagamoyo, tuseme ukweli, na huyo ndo yuko kwenye shule zetu nyingi. Kwahiyo swali langu mimi ni huyu ambaye haendi popote anakuaje kwenye kazi hii.

Kinachofanyika mara nyingi ni semina. Ukumbi wa mjini, projekta, siku mbili, mwezeshaji anapitia Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada, kuanzia 000 mpaka 999 na walimu wanaandika, chai, picha ya pamoja, cheti, posho, kila mtu kwao. Posho siibezi, watu wanatoka mbali na nauli ni nauli. Tatizo langu ni kwamba ndani ya ule ukumbi hamna hata rafu moja! Ni sawa na kumfundisha mtu kubangua korosho kwa kumwonyesha picha ya korosho. Anarudi shuleni na makabrasha, anafungua boksi la kwanza anakuta kitabu hakina jalada, mwandishi hajulikani, nusu historia nusu hadithi, na kwenye makabrasha hicho hakimo.

Mimi sa hivi nikiombwa kuwezesha nasema nakuja ila tukutane kwenye shule yenye maktaba iliyovurugika. Walimu wa shule za jirani wanakuja Jumamosi, tunavaa barakoa za vumbi, tunashusha vitabu chini, na tunafanya kazi na vitabu vya mwenyeji mpaka rafu moja imalizike yaani imalizike, kila kitabu kimepigwa mhuri, kimeingizwa kwenye rejista, kina lebo mgongoni, kiko mahali pake. Rafu moja tu. Walimu wakitoka hapo kila mmoja ameshika kitabu kibovu kwa mikono yake na amebishana na mwenzake kiende wapi, na mwezi unaofuata tunahamia shule nyingine, mwenyeji wa leo anakuwa msaidizi wa kule. Chakula mnachangishana, na kama ni msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, basi semina inanoga zaidi, hoteli hawana hiyo.

Na hii haihitaji mradi wala barua kutoka wizarani. Walimu tayari wako kwenye MEWAKA, yale Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, wanakaa kwenye jumuiya za kujifunza shuleni na kwenye vituo vya walimu. Sasa maktaba ikiwa ajenda mojawapo ya jumuiya kuna ubaya gani? Kitu cha kuongea na mtaaluma tu, na afisa elimu kata ukimwelewesha mapema anakuwa mtu wako. Tukisubiri semina maalum ya wakutubi wa shule tutasubiri mpaka vitabu viliwe na mchwa.

Kuhusu Dewey sasa, maana hapa ndo walimu wengi wanapokata tamaa. Mfumo wenyewe ni wa 1876, Mmarekani Melvil Dewey aliutengeneza kwa dunia aliyoijua yeye, ndo maana ukifika 800, yaani fasihi, Wamarekani wana 810 nzima, Waingereza 820, Wajerumani 830, wanaendelea hivyo hivyo, halafu fasihi ya lugha za Kiafrika karibu yote imebanwa kwenye 896 na ya Kiswahili ni 896.392. Kwahiyo shule ya Newala ikifuata Dewey kama ilivyo, riwaya zote na tamthilia zote na ushairi wote wa Kiswahili unarundikana namba moja na rafu nyingine za 800 zinabaki karibu tupu. Mimi nawaambia walimu hadithi za Kiswahili zitoeni kwenye namba kabisa, zipangeni kwa herufi ya jina la mwandishi, wekeni utepe wa rangi mgongoni, riwaya rangi yake, tamthilia yake, ushairi wake. Namba tumia kwa vitabu vya maarifa ambako zinasaidia kweli, 500 sayansi, 630 kilimo, historia ya Tanzania 967.8, na kwa shule ya msingi hata tarakimu tatu zinatosha. Kuna wakutubi wenzangu watanuna hapo. Wanune, mtoto akipata kitabu mimi nimeridhika.

Ila kama ningeambiwa nichague ujuzi mmoja tu wa kumfundisha mwalimu wa maktaba ningeiacha Dewey pembeni nichague kuuliza. Namna ya kumpokea mwanafunzi mwenye swali. Sisi kwenye fani hiki ni kitu cha msingi kabisa lakini kwenye semina hakipewi muda, na sababu yake ni kwamba mtu karibu kamwe haulizi anachokitaka, anauliza anachodhani maktaba inacho.

Chukulia mwanafunzi wa Lindi kasikia nyumbani kwamba kuna mjusi mkubwa alichimbwa Tendaguru akapelekwa Ujerumani. Anakuja anauliza madam kuna kitabu cha mijusi? Mwalimu ambaye hajafundishwa atasema hakuna, au atampeleka kwenye baiolojia, huko mtoto anakutana na kenge na kinyonga anafunga kitabu anaondoka, na pengine harudi tena. Aliyefundishwa anauliza taratibu, huyo mjusi umemsikia wapi, unataka kujua nini juu yake, ni kazi ya darasani au ni yako mwenyewe? Dakika moja tu hiyo. Hapo inajulikana mtoto anataka dinosaria, na jibu lake limekaa kwenye rafu tatu tofauti. Kwenye 567.9 kuna dinosaria wenyewe. Kwenye 967.8 kuna utawala wa Wajerumani, kwamba walichimba kati ya 1909 na 1913, Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vikiwa vimeisha juzi tu, na kwamba mifupa, zaidi ya tani 200, ilibebwa na wapagazi kwa miguu kutoka porini mpaka bandari ya Lindi. Na kwenye ramani anaona Tendaguru ilipo na Berlin ilipo, kule mifupa imeungwa imesimamishwa makumbusho kimo chake kinapita mita 13. Huyo mtoto aliyekuja na mjusi anaondoka na historia, jiografia na sayansi, halafu kesho anarudi na swali la kwanini hajarudishwa, ambalo linajadiliwa mpaka leo, unampeleka kwa mwalimu wa uraia apambane nalo.

Hili zoezi tunalifanya kwa wawiliwawili, mwalimu mmoja anaigiza mwanafunzi mwenye swali lililopinda, mwingine anatafuta swali lenyewe. Wanacheka sana mwanzoni. Baadae wanaanza kuona wanavyokatiza watoto.

Sasa kuna jambo ambalo mafunzo ya mwalimu peke yake hayaligusi. Ufunguo. Nimeshaona maktaba imepangwa vizuri, lebo zote ziko sawa, na imefungwa. Ukimbana mwalimu anakwambia ukweli, vitabu vikipotea nitaambiwa nilipe mimi, bora vikae. Na simlaumu, kwasababu hivyo ni mali ya umma na mkaguzi akija anahesabu. Kwahiyo saa ya kwanza ya mafunzo mimi nataka mkuu wa shule awepo, au mwalimu mkuu kama ni msingi, akae kabisa, asije kufungua kikao akaondoka. Tunaandika pale pale karatasi moja kwamba maktaba inaazimisha, kwamba vitabu vinavyosomwa vinachakaa na vichache vitapotea, kitabu kikipotea kinaandikwa kwenye rejista na mwanafunzi atafanya nini, na mwalimu hadaiwi kwa kitabu kilichoazimishwa kwa utaratibu. Mkuu anasaini. Hiyo karatasi imefungua milango mingi kuliko mada zangu zote. Vitabu chakavu navyo ni hivyo hivyo, usivichome nyuma ya vyoo kisa vimechanika, orodhesha upeleke ofisini vifutwe kwa taratibu za mali ya serikali, inachukua muda ila unalala usingizi.

Ya mtandaoni nitayapitia haraka. Taasisi ya Elimu ina Maktaba Mtandao, vitabu vya kiada vinasomwa bure, kila mwalimu wa maktaba ajue kuingia na ajue kumwonyesha mwenzake. Intaneti ikisumbua kuna Kolibri na Kiwix, programu za kusomea bila mtandao, unashusha vitu ukiwa mjini kwenye waifai nzuri, unarudi navyo kwenye laptopu na shule inasoma bila bando. Kwenye tovuti ya African Storybook kuna hadithi fupi za Kiswahili zenye leseni huria, unaprinti unabana unaweka kwenye rafu ya darasa la pili. Mafunzo yake ni nusu siku, mkiwa na umeme.

Na utunzaji, usisahau tuko pwani. Rafu isiegemee ukuta, acha upenyo hewa ipite, rafu ya chini iinuliwe kutoka sakafuni, na kabla mvua hazijaanza mwishoni mwa mwaka panda angalia bati. Ukungu ukishaingia kwenye boksi moja litenge siku hiyo hiyo.

Kinachoniuma zaidi kwenye hii kazi ni uhamisho. Unamfundisha mtu, anaiva, maktaba inaamka, anapata uhamisho kwenda kwao Kanda ya Ziwa, chumba kinarudi kuwa stoo. Kwahiyo siku hizi sikubali shule ilete mtu mmoja. Walete wawili, mmoja awe mwenyeji ambaye hana mpango wa kuhama, na kuwe na wanafunzi wasaidizi kutoka kidato cha pili maana wa nne wanaondoka. Na liwepo daftari la makabidhiano, kurasa chache tu, utepe wa rangi gani ni wa nini, rejista imeishia namba ngapi, nani ana kitabu gani, ufunguo wa akiba uko kwa nani. Likae ofisi ya mtaaluma, lisikae kwenye begi la mwalimu wa maktaba.