Kwa nini soko la bima ya afya la Uswisi linalazimisha kila mtu kununua?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba soko huria la afya huenda kama soko la nyanya: serikali ikae pembeni, kampuni zishindane, bei ishuke. Nilipojua kwamba Uswisi, ambako bima ya msingi huuzwa na kampuni nyingi zinazoshindana, kila mkazi analazimika kisheria kuinunua, niliona serikali inalivuruga soko. Nilikosea, na naona wengi bado wanakosea hapo hapo. Soko hilo linadumu kwa sababu ya sheria hiyo.

Muuza nyanya hana haja ya kujua wewe ni nani. Fungu lina gharama ileile kwake, ununue wewe au jirani. Bima sivyo. Gharama yake inategemea nani kainunua.

Chukua kikundi cha kufa na kuzikana chenye watu 100, kila mmoja akichanga 1,000 kwa mwezi. Waruhusu waingie na kutoka wapendavyo. Mwenye mzazi mahututi atajiunga leo. Ambaye kwao wote wazima ataona anazikia wengine tu, atajitoa. Wanaobaki ni wenye misiba, kwa hiyo mchango unafika 2,000. Kwa bei hiyo anaondoka aliyekuwa anasitasita, unafika 3,000, na kadhalika. Mweka hazina ni mwaminifu, hakuna aliyeiba hata senti, na kikundi kinakufa.

Kampuni ya bima inaweza kujiokoa kwa kuwapima waombaji na kumkataa mwenye kisukari. Ila hapo inamwacha nje yule yule anayeihitaji bima.

Uswisi iliziba njia zote mbili kwa sheria iliyopita kwa kura ya maoni mwaka 1994 na kuanza kazi 1996. Anayehamia nchini ana miezi 3 ya kujiunga. Kampuni haiwezi kumkataa, na watu wazima wa eneo moja na kundi moja la umri hulipa sawa kwa bima ileile ya kampuni hiyo, mgonjwa na mzima. Kampuni zenye wateja wenye afya njema huzifidia zenye wagonjwa wengi. Kinachonishangaza hadi leo: bima ya msingi hairuhusiwi kuzalisha faida, faida hutafutwa kwenye bima za nyongeza. Mteja ana uhuru wa kuhamia kampuni nyingine mwaka unapokwisha, mradi asibaki bila bima.

Hayo hayathibitishi kwamba ushindani unapunguza gharama. Uswisi ni miongoni mwa nchi zinazotumia fedha nyingi zaidi duniani kwa afya, na michango imekuwa ikipanda. Hata hivyo, mwaka 2014 wananchi walipoulizwa kama wanataka mfuko mmoja wa umma badala ya kampuni hizo, karibu asilimia 62 walikataa.