Timu ya vasiti ni timu gani hasa, na ilianzaje

Watu wengi wakisikia timu ya vasiti wanadhani ni timu yoyote ya chuo kikuu, hata wale jamaa wa hosteli wanaokimbizana na mpira jioni nao wamo. Marekani, ambako mfumo huu umekomaa kuliko kwingine, sivyo. Vasiti ni ile timu ambayo chuo chenyewe kinaihudumia, kinamlipa kocha, kinalipia safari, daktari na jezi, halafu ndiyo inayobeba jina la chuo kwenye mashindano rasmi. Wanafunzi wakichangishana wakaunda timu yao, hiyo ni klabu tu, hata kama wanaupiga mwingi.

Cha kuchekesha ni kwamba mwanzoni zote zilikuwa hivyohivyo, mambo ya wanafunzi wenyewe. Waingereza ndo walitangulia, Oxford na Cambridge walishindana kupiga makasia mwaka 1829. Harvard na Yale wakafuata 1852 kwenye ziwa Winnipesaukee huko New Hampshire, na gharama zikabebwa na kampuni ya reli iliyokuwa inatafuta abiria wa kwenda kutalii kule, kwa hiyo wanaolalamika kwamba pesa imekuja juzi kuharibu michezo ya vyuo wakumbuke ilikuwepo toka siku ya kwanza. Na ujanja pia ulikuwepo, maana waliporudiana 1855 Harvard walimweka kwenye usukani jamaa ambaye alishamaliza chuo. Mamluki kabisa!

Mpira wa Kimarekani ukaanza 1869, Rutgers wakawafunga Princeton 6 kwa 4, kila upande watu 25, na ilikuwa mpira wa kupiga teke, hakuna kukimbia nao mkononi. Baadaye mchezo ukageuka wa kuumizana kwelikweli. Mwaka 1905 peke yake wachezaji kama 18 walikufa, wengi vijana wa sekondari, mpaka Rais Roosevelt akawaita Harvard, Yale na Princeton Ikulu wakaongee. Mwaka uliofuata vyuo 62 vikaunda chama cha kusimamia sheria, ndicho hiki tunachokiita NCAA toka 1910. Hapo ndipo mamlaka yalipoanza kuwatoka wanafunzi yakahamia ofisini.

Ofisini nako kukaja masharti, mojawapo ni kwamba wa mwaka wa kwanza haruhusiwi kucheza vasiti, atulie kwanza na masomo. Sheria hiyo ilikaa miaka na miaka, kwenye mpira wa Kimarekani na kikapu ikaondolewa 1972 tu, na iliwahi kuleta kituko kimoja napenda sana kukisimulia. Novemba 1965 UCLA, chuo kikuu kimoja cha Los Angeles, walikuwa mabingwa wa kikapu wa vyuo Marekani nzima, mara mbili mfululizo, wakaamua kufungua ukumbi wao mpya kwa kucheza na watoto wao wa mwaka wa kwanza, mechi ya kirafiki tu. Kumbe kule kwa watoto kuna dogo mrefu anaitwa Lew Alcindor, ambaye baadaye tulimjua kama Kareem Abdul-Jabbar. Dogo akatupia pointi 31, vasiti wakafungwa 75 kwa 60 kwenye ukumbi wao! Halafu msimu ule wote Alcindor hakugusa mechi hata moja ya vasiti. Kwa hiyo ukisikia mtu ni wa vasiti maana yake amesajiliwa na amekidhi masharti, sio lazima awe ndo mkali kuliko wote chuoni.

Wanawake walisubiri zaidi. Kikapu walikuwa wanacheza toka miaka ya 1890, ila hela ya maana ilianza kuja baada ya sheria ya 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye shule na vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu.

Watu wetu wamepitia humohumo. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia za mbio ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, mkimbiaji wetu Suleiman Nyambui alikuwa Texas El Paso, na Hasheem Thabeet alitoka Connecticut akaenda NBA 2009.

Kwa mzazi mwenye kijana anayetafuta skolashipu, uliza kwanza ni vasiti au klabu, halafu uliza divisheni, yaani chuo kiko daraja gani kati ya matatu ya NCAA, sababu la tatu halitoi skolashipu za michezo kabisa. Na toka 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuingiza hela kwa jina lao, matangazo na kadhalika, 2025 vyuo navyo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, ila aliyekwenda kwa viza ya mwanafunzi anabanwa na masharti ya kufanya kazi, kwa hiyo kabla hajasaini chochote aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni.