DNA ya kale na safari za binadamu: yanayoaminiwa na yaliyogunduliwa

Kwa muda mrefu, aliyetaka kujua watu wa kabla ya maandishi walitoka wapi alitegemea vigae vya vyungu, zana za mawe, mafuvu na lugha za walio hai. Mwaka 2010 kikundi cha mwanasayansi wa vinasaba Svante Pääbo kule Leipzig, Ujerumani, kilichapisha jenomu (yaani DNA yote ya kiumbe) ya kwanza ya Waneandathali, binadamu wa kale waliotoweka, na tangu hapo mifupa yenyewe imekuwa ikitoa ushahidi. Pääbo alitunukiwa Nobel mwaka 2022, na sasa zimeshasomwa jenomu za maelfu ya watu wa kale. Habari zimesambaa upesi, makosa nayo yamesambaa pamoja nazo. Naanza na lile ninaloliona lina madhara kuliko yote.

“Wenyeji wa leo ni wazao wa waliokuwapo tangu mwanzo”

Hapa DNA ya kale imebomoa hadi msingi. Mawe makubwa ya Stonehenge, Uingereza, yalisimamishwa yapata miaka 4,500 iliyopita na wakulima ambao sehemu kubwa ya mababu zao walitoka Anatolia, katika Uturuki ya leo, wakasambaa Ulaya kizazi hata kizazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ndani ya karne chache tu baadaye, takribani asilimia 90 ya vinasaba vya watu wa kisiwa hicho vilikuwa vimebadilika. Wageni walikuwa wamevuka kutoka bara, wakiwa na asili ya wafugaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Basi Mwingereza wa leo anayeyatazama mawe yale kwa fahari ya ukoo, urithi wake kutoka kwa walioyainua ni mdogo mno.

Wakulima hao nao walikuta watu. Mwindaji anayeitwa Mtu wa Cheddar aliishi kusini-magharibi mwa kisiwa hichohicho yapata miaka 10,000 iliyopita, na vinasaba vyake vinaashiria ngozi iliyokolea pamoja na macho ya rangi mpauko, huenda ya buluu. Nchini Hispania, mwindaji wa La Braña wa miaka 7,000 iliyopita naye alikuwa na ngozi iliyokolea na macho ya buluu. Mchanganyiko huo wa sura leo tunauona nadra, na zamani ulikuwa kawaida ya Ulaya magharibi.

Afrika nayo imewashangaza watafiti. Pango la Shum Laka liko kaskazini-magharibi mwa Kamerun, karibu na eneo ambalo wanaisimu wanalihesabu kuwa chimbuko la lugha za Kibantu. Ilikuwa halali kutarajia kwamba waliozikwa humo ni mababu wa wasemaji wa lugha hizo. Watoto wanne waliopimwa, wawili wa miaka 8,000 hivi iliyopita na wawili wa miaka 3,000 hivi, wana vinasaba vinavyokaribiana zaidi na vya wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati. Wanaisimu hawajakosea kwa sababu hiyo. Eneo moja lilikuwa na jamii zaidi ya moja, na mfupa uliopatikana ni wa jamii mojawapo tu.

Kuna hata watu waliofika mbali kisha nasaba yao ikakatika. Mtu wa Ust’-Ishim aliishi Siberia miaka 45,000 iliyopita, na jamii yake haionekani kuacha urithi wa pekee kwa mtu yeyote wa leo. Anayedai ardhi kwa hoja kwamba damu yake haijawahi kuhama hapati shahidi makaburini.

“Chungu kikihama, watu wamehama, lugha ikibaki, damu imebaki”

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanaakiolojia Mjerumani Gustaf Kossinna alifundisha kwamba kila mtindo wa vyombo ni alama ya kabila lenye damu yake. Wanazi waliyapokea mawazo hayo kwa mikono miwili. Baada ya vita, waakiolojia wengi walilikimbia wazo zima la uhamaji, wakasema kilichosafiri ni ujuzi. Mivutano hiyo ilidumu miongo kadhaa, na napenda jinsi DNA ilivyoijibu, kwa sababu haikumpa ushindi kamili mtu yeyote.

Tazama vyungu vyenye umbo la kengele vilivyoenea Ulaya ya Magharibi na Ulaya ya Kati, baina ya miaka 4,700 na 4,400 iliyopita. Waliozikwa navyo Hispania na waliozikwa navyo Ulaya ya Kati kwa sehemu kubwa hawana nasaba moja: hapo chungu kilisafiri bila watu, fundi akamwiga fundi. Vyungu vilevile vilipovuka kwenda Uingereza, vilikwenda na wenyewe, na ndio wageni niliowataja juu. Chombo kimoja, njia mbili. Hakuna mtu angeweza kuzitofautisha kwa kutazama udongo uliofinyangwa.

Kwa upande wa lugha, mfano ulio wazi kuliko yote uko Vanuatu, katika Bahari ya Pasifiki. Watu waliozikwa Teouma yapata miaka 3,000 iliyopita, miongoni mwa walowezi wa kwanza wa visiwa hivyo, walikuwa na asili ya Asia ya Mashariki, bila asili yoyote ya Papua, yaani ya wenyeji wa kale wa kisiwa cha New Guinea na jirani zake, au kwa kiasi kidogo sana. Wakaazi wa leo wengi wao asili yao kubwa ni ya Papua. Watu walibadilika kwa kiasi kikubwa, ila lugha zinazosemwa hadi leo ni za jamii ya Kiaustronesia, zilizokuja na wale wa kwanza. Wageni waliingia kidogo kidogo, wakaoa na kuolewa, watoto wakakua na lugha waliyoikuta. Kwa hiyo mtu akisema amepima DNA akajua mababu zake walizungumza lugha gani, amesema kisichoweza kupimwa.

“Binadamu walitoka Afrika mara moja, wakaenda mbele bila kurudi”

Naichukia ile ramani yenye mshale mmoja mnene unaotoka Afrika na kuzunguka dunia. Mshale hauonyeshi waliorudi wala waliosimama njiani. Wafugaji wa kwanza wa Kenya na Tanzania, ambao mifupa yao ilichambuliwa katika utafiti wa mwaka 2019, walikuwa na mchanganyiko wa nasaba za wawindaji wa Afrika Mashariki, za watu wanaofanana na wa eneo la Sudan, na nyingine zinazohusiana na watu wa kale wa Afrika kaskazini na Mashariki ya Kati. Yaani baada ya safari ya kutoka, kulikuwa na safari za kuingia.

Waliotoka nao hawakukuta dunia tupu. Watu wenye asili ya nje ya Afrika wana takribani asilimia 1 hadi 2 ya vinasaba vya Waneandathali, na watu wa Papua wana sehemu nyingine iliyotoka kwa Wadenisova, jamii nyingine ya binadamu wa kale iliyotambuliwa mwaka 2010 kutokana na kipande cha mfupa wa kidole katika pango moja la Siberia. Katika pango hilo ulipatikana pia mfupa wa binti aliyefariki takribani miaka 90,000 iliyopita: mama yake alikuwa Mneandathali, baba yake Mdenisova. Nchini Romania, mtu wa Oase wa miaka 40,000 iliyopita alikuwa na babu au bibi Mneandathali vizazi vinne hadi sita tu nyuma yake. Tunaowaita jamii zilizotoweka wamo ndani ya watu wanaotembea leo.

“Mfupa wowote unatoa DNA”

Hapana. Joto na unyevu huila upesi. DNA ya kale kuliko zote zilizosomwa ina umri wa miaka milioni 2 hivi, na ilitoka kwenye udongo ulioganda wa Greenland, kwa hiyo ya dinosaria, waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita, tusiitarajie. Kusini mwa Sahara, mabaki ya binadamu ya kale zaidi yaliyotoa DNA yana miaka 18,000 hivi, yakiwamo ya Mlambalasi, Tanzania. Uchache wa mababu wa Afrika katika majedwali ya jenomu umetokana kwa kiasi kikubwa na hali ya hewa, pamoja na utafiti ulioanzia na kubaki Ulaya. Hata hayo yamepatikana kwa kuwa wachunguzi walijifunza kutafuta mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, unaohifadhi DNA kuliko mifupa mingine mingi.

“Maabara haikosei”

Mwaka 1985 Pääbo mwenyewe alitangaza kupata DNA ya maiti iliyokaushwa ya Misri. Baadaye ilionekana kwamba huenda ilikuwa ya binadamu wa leo iliyochafua sampuli. Makosa kama hayo ndiyo yaliyozaa vyumba safi na vipimo vikali. Leo watafiti wanatazama alama za uchakavu: katika ncha za vipande vya DNA ya kale, sitosini, moja ya “herufi” nne za DNA, huharibika na mashine ikaisoma kama herufi nyingine, thimini. DNA ya mchimbaji aliyeugusa mfupa jana haina alama hiyo.

Kosa linaweza pia kutokea kwenye kompyuta. Jenomu ya mtu wa pango la Mota, Ethiopia, wa miaka 4,500 iliyopita, ilichapishwa mwaka 2015 pamoja na dai kwamba asili ya Eurasia imeenea Afrika nzima. Miezi michache baadaye watafiti walewale walisema hadharani kwamba hatua moja ya kulinganisha data ilirukwa, na dai kuhusu Afrika magharibi na kati halisimami. Jenomu yenyewe ilikuwa sahihi. Nawaheshimu kwa kukiri, na nasikitika kwamba kichwa cha habari cha kwanza bado kinanukuliwa.

“Mifupa ya kale haina mwenyewe”

Mwaka 1996 mabaki ya mwanamume wa miaka 8,500 hivi iliyopita yalionekana kando ya mto Columbia, jimbo la Washington, Marekani. Makabila ya wenyeji yalisema ni babu yao, yakataka kumzika. Baadhi ya wanasayansi walitazama fuvu wakasema hafanani na wenyeji, wakaenda mahakamani, na mwaka 2004 mahakama iliwapa haki ya kumchunguza. Mwaka 2015 DNA yake ilisomwa. Ilionyesha kuwa yuko karibu zaidi na wenyeji wa Amerika kuliko watu wengine wowote duniani, na kabila la Colville, moja kati ya yaliyokuwa yakimdai, lilitoa sampuli za kulinganisha. Mwezi Februari 2017 makabila hayo yalikusanyika na kumrudisha ardhini, mahali ambapo hawakupataja.