Elote: si lazima yawe mahindi matamu ya njano

Wengi wanaamini kwamba elote, mahindi ya kuchoma ya mitaani kule Meksiko, hayatoki sawasawa nyumbani bila yale mahindi matamu ya njano ya supamaketi. Imani hiyo ina sababu: mapishi mengi yanayosambaa yameandikwa Marekani, ambako mahindi matamu ndiyo ya kawaida.

Meksiko kwenyewe, wauzaji wengi huchoma mahindi meupe, yenye wanga mwingi na utamu kiasi tu. Punje zake hutafunika hasa, ndiyo maana hustahimili kupakwa vitu vizito: mayonezi au krimu, jibini ngumu yenye chumvi iitwayo cotija, pilipili ya unga, kisha ndimu. Kwa mlaji wa pwani yetu, ndimu na pilipili kwenye hindi si jambo geni. Kigeni ni mayonezi na jibini. Cotija ikikosekana, jibini ya feta iliyovunjwavunjwa inafaa sana.

Kinachoamua ni ubichi wa hindi. Funua maganda kidogo, bonyeza punje kwa ukucha: ikiruka majimaji meupe kama maziwa, limefaa. Ukucha ukikuta punje ngumu, hindi limekomaa mno na litakuwa gumu kutafuna.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, choma hindi jeupe na la njano kwenye mkaa uleule, ukigeuzageuza mpaka punje zipate madoa meusi. Onja yote mawili kwanza bila kupaka kitu. Halafu, mahindi yakiwa bado ya moto, paka mayonezi ili jibini ishike.