Ni umri tu au kuna kitu? Maswali ya akina mama wa miaka arobaini na kuendelea

Kikoba chetu huku Nkuhungu, Dodoma, tunakutana Jumamosi jioni. Jumamosi iliyopita katibu alikuwa anasoma daftari la hisa, akalisogeza karibu, akalirudisha mbali, mwisho kanyoosha mkono wote afu akasema jamani asome mwingine, macho yamegoma. Ana miaka 46. Basi hisa zikasimama hapo hapo, kila mtu akaanza kutoa la kwake, huyu nywele, huyu magoti, huyu anaamka usiku kalowa jasho chapachapa, na kwa vile wanajua mi ni muuguzi maswali yote yakanigeukia. Nilijibu niliyoweza ila giza likaingia, kwa hiyo nayaandika hapa kwa kirefu maana najua wako wengi wenye maswali hayo hayo na hawana wa kumuuliza.

Mbona siwezi kusoma meseji mpaka nisogeze simu mbali? Naugua macho?

Mara nyingi hapana. Ndani ya jicho kuna lenzi, ukiwa binti ni laini, inajikunja na kujinyoosha yenyewe ukiangalia karibu au mbali. Miaka inavyokwenda inakakamaa, na kuanzia 40 na kidogo karibu kila mtu anaanza kuona uzi hauingii kwenye sindano, mchele unachambua huku umeinamisha sinia kwenye mwanga. Dawa yake ni miwani ya kusomea, basi, na ukivaa miwani haikuharibu macho wala haikufanyi uitegemee kama watu wanavyosema, macho yanaendelea na mwendo wake uvae usivae.

Ila usikimbilie kununua ile ya kutembezwa stendi kabla hujapimwa. Umri huu ndo presha ya macho nayo inaanza kuwashika watu, na kwa wengi haiumi kabisa, inakula uwezo wa kuona pembeni taratibu mpaka unashtukia jicho limekwisha. Sukari nayo inaleta ukungu wa macho. Pima macho mara moja vizuri, afu miwani utanunua popote unapotaka.

Nilihamia Dodoma na ofisi mwaka 2017 kutoka Dar, tangu hapo ngozi imezeeka. Ni maji ya huku?

Hili swali nimeulizwa na wengi waliohamia na serikali. Ni mambo mawili yamekukuta kwa pamoja. La kwanza ni hali ya hewa. Dar ngozi inakaa kwenye unyevu wa bahari mwaka mzima, huku mvua ni Desemba mpaka Aprili hivi, miezi iliyobaki ni ukavu, na ikifika Juni, Julai ule upepo na vumbi unakausha ngozi mpaka ukijikuna mguu unaacha mstari mweupe, na visigino vinapasuka magaga. La pili ni kwamba ulikuja na miaka 40 na saivi una karibu 50, ungebaki Dar ungebadilika pia. Homoni ya kike inayoitwa estrojeni ndo inasaidia ngozi kutengeneza kolajeni, ile nyuzi inayoishika ngozi ikakaa imenyooka, na hedhi ikishakoma kolajeni inaweza kupungua karibu asilimia 30 ndani ya miaka 5 ya kwanza. Sisi wenye ngozi nyeusi makunyanzi yanachelewa kidogo, kwetu kinachotangulia ni mabaka meusi mashavuni na rangi kutolingana.

Cha kufanya ni rahisi. Oga maji ya uvuguvugu, sio ya moto sana, na mafuta upake ngozi ikiwa bado na majimaji, ndani ya dakika mbili tatu umetoka kuoga, hapo mafuta yanafungia maji ndani. Gliserini na Vaseline zinatosha, huhitaji mtungi wa elfu themanini. Jua la saa sita kaa nalo mbali, mwavuli sio ushamba. Na naomba sana, kwa hayo mabaka usiende kuchanganyiwa mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, zebaki inaingia mwilini inaharibu figo, na ngozi iliyochubuliwa inaungua na jua zaidi. Nimewapokea akina mama wodini ambao kuwashona tu kidonda ni shida, ngozi imekuwa nyembamba uzi unaichana.

Msusi kaniambia mvi zimejaa katikati na nywele zinapungua. Nina mawazo sana, ndo sababu?

Mvi ni mizizi ya nywele kuacha kutengeneza rangi, na kinachoamua sana ni ukoo, angalia mama yako na shangazi zako walianza lini. Kupungua kwa nywele kunakuja na homoni kushuka, lakini kagua vitu viwili kwanza: damu, kwa sababu upungufu wa damu unang'oa nywele na mwanamke anayetoka hedhi nzito kwa mwezi wa tatu sasa huenda damu yake iko chini, na rasta za kuvuta. Kama zinaondoka kwenye paji na kando ya masikio peke yake, hapo ni msuko, mwambie msusi alegeze.

Usiku nashikwa joto la ghafla, naloa jasho, afu nasikia baridi. Nimeshameza dawa ya malaria mara tatu mwaka huu. Kwa nini haiponi?

Huyu aliyeuliza ana miaka 49 na nilisikia uchungu, maana mara zote tatu hakupima. Alisema Julai hii watoto wamejifunika blanketi mbili mbili yeye kafungua dirisha, kanga aliyolalia ukiikamua inatoa maji, afu dakika tano baadaye anatetemeka.

Iko hivi. Ubongoni kuna sehemu inayopima joto la mwili, ifananishe na ile swichi ya pasi ya umeme inayokata ikishapata moto. Estrojeni ikianza kupanda na kushuka ile swichi inakuwa nyepesi, joto likiongezeka kidogo tu ubongo unadhani unaungua, unafungua mishipa ya damu ya kifuani, shingoni na usoni, jasho linamwagika, moyo unadunda. Inakaa dakika moja mpaka tano hivi, inapita. Wengine inawajia mara moja kwa wiki, wengine mara kumi kwa siku, na inaweza kuendelea miaka kadhaa. Malaria haiji dakika tano ikaondoka, malaria inakuja na homa, kichwa, viungo, kukosa hamu ya kula. Lakini usikisie wewe wala mimi, kile kipimo cha kuchoma kidole kinatoa jibu ndani ya dakika kama 20, zahanati zinacho. Dawa ya malaria bila kupima, hapana.

Afu sikiliza na upande wa pili, sio kila jasho la usiku ni umri. Kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nguo zinakupwaya na jioni unapata homa, hiyo nenda ukapime kifua kikuu haraka. Kama mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio muda wote na unakonda huku unakula, wapime tezi ya shingo.

Kama ni lile joto lenyewe, lala na nguo ya pamba, shuka jepesi juu ya blanketi ili uweze kutoa moja ukabaki na jingine, angalia kama chai ya moto, pilipili au pombe ndo vinaliamsha, kwa wengi vinaliamsha.

Hedhi imeruka miezi mitatu afu ikaja nzito. Ndo imekoma? Na je, naweza bado kushika mimba?

Haijakoma, inaaga. Tunasema hedhi imekoma pale unapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona hata tone, na wanawake wengi wanafika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ile safari ya kuelekea huko inachukua miaka, wengine minne, wengine zaidi, siku zinakaribiana, zinaachana, zinaruka. Ikikoma kabla ya 40 hiyo ni mapema mno, muone dokta, usiipokee tu kama zawadi.

Mimba ndio unaweza kushika, na tunawaona, mama wa miaka 44 anakuja anasema nimeingia menopozi kumbe ni ujauzito wa miezi mitano. Kama hutaki mtoto endelea na uzazi wa mpango mpaka mwaka mmoja uishe baada ya hedhi ya mwisho kama umeshavuka 50, na kama hujafika 50 subiri miaka miwili.

Sasa hapa nisikilize vizuri kuliko kote. Damu ikitoka baada ya ile miezi 12, hata iwe doa dogo kwenye nguo ya ndani, hata iwe mara moja tu ikaacha, hiyo sio hedhi imerudi wala sio ujana umerudi. Inaweza kuwa kitu kidogo, ukavu wa uke au kinyama kilichoota ndani, na inaweza kuwa saratani ya kizazi ambayo ikiwahiwa inatibika. Vivyo hivyo damu baada ya tendo la ndoa, na hedhi unayobadilisha pedi kila saa. Wanawake wetu wanasubiri, wanasema ngoja nivune kwanza, ngoja mtoto afanye mtihani. Usingoje. Hapa Dodoma mjini nenda hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa, ukiwa Bahi, Kongwa au Mpwapwa anzia hospitali ya wilaya, sema hivi hivi, nilishakoma hedhi na nimeona damu, watajua pa kukupeleka.

Na kama uko kati ya 30 na 50 na hujawahi kuchunguzwa mlango wa kizazi, ukienda kwa jambo lolote uliza na hilo. Wanapaka asidi kama siki, pale penye tatizo panageuka peupe, ni dakika chache na haiumi kama mnavyotishana. Matiti nayo waangalie. Kulegea ni kawaida, kivimbe, chuchu kuingia ndani au kutoa damu sio kawaida.

Nakula kama zamani ila kitambi kinatoka, na magoti yanalia nikiinuka. Nifanyeje?

Misuli inapungua tangu miaka ya thelathini, na mafuta yaliyokuwa yanakaa mapajani yanahamia tumboni estrojeni ikishuka. Kwa hiyo sahani ile ile uliyokula ukiwa na 30 sasa imekuwa kubwa kwako. Punguza ugali, ongeza mlenda, maharage na kunde, na usiache kunyanyua vitu. Mtu anayekaa ofisini Mtumba kutwa nzima afu anapanda basi mpaka mlangoni, misuli yake inakwisha haraka kuliko ya mama wa Ihumwa anayebeba ndoo.

Mifupa ndo ya kuihofia zaidi kwa sababu haikuambii. Miaka 5 mpaka 7 baada ya hedhi kukoma mfupa unaweza kupoteza mpaka asilimia 20 ya uzito wake na usisikie chochote, siku unateleza bafuni mkono unavunjika kama bua kavu la mahindi. Kula dagaa wazima na mifupa yao, maziwa au mtindi, ufuta, mboga za majani, pata jua la asubuhi, tembea. Sigara na ugoro acha. Ukiona umepungua urefu au mgongo unaanza kupinda sema hospitali.

Na presha pima hata kama huumwi, ikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi ni presha, estrojeni ilikuwa inailinda mishipa yako na sasa imepungua. Sukari pia, siku hiyo hiyo.

La mwisho, hili aliniuliza mtu pembeni: tendo linauma, na nikikohoa mkojo unachuruzika. Nimwambie nani?

Mwambie muuguzi yeyote wa kike kama unaona aibu kwa dokta, hutamshangaza. Uke unakuwa mkavu na mwembamba kwa sababu ile ile ya homoni, ndo maana tendo linauma na UTI zinajirudia. Kuna vilainishi vya maji duka la dawa, na kuna krimu ya homoni ya kupaka ukeni ambayo dokta anaandika, inasaidia sana. Usijioshe ndani na sabuni, ndimu wala majani, unazidisha.

Mkojo, fanya zoezi hili: bana kama unazuia mkojo usitoke, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, unaweza kufanya hata ukiwa kwenye daladala na hakuna atakayejua. Lipe miezi mitatu. Wengi linawasaidia, likigoma kuna matibabu mengine.

Kuhusu zile chupa za kurudisha homoni na ujana zinazouzwa kwenye simu, hujui ndani kuna nini na muuzaji naye hajui. Tiba ya homoni ya kweli ipo, ila dokta lazima akuulize kwanza kama umewahi kupata saratani ya matiti, damu kuganda miguuni au kiharusi, kwa sababu hao haiwafai.

Kabla hujaenda, chukua kalenda ya ukutani, weka alama siku damu ilipotoka na siku joto lilipokuja, miezi miwili inatosha, ikunje utie kwenye mkoba uende nayo.